Mtu akizimia baada ya kutolewa damu hospitalini akaumia, nani analipa?

Kaka Mkubwa (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Jambo hili limetugawa nyumbani, kila mtu ana sheria yake, nimeona nilete kwenu.

Mdogo wangu wa kike alikwenda kupima. Kipimo cha asubuhi, aliambiwa asile kitu tangu usiku. Akatolewa damu, akabandikwa pamba, akaambiwa aende dirisha la malipo kulipia kipimo kilichobaki. Katikati ya korido akaanguka kifudifudi kwenye marumaru. Jino la mbele limekatika nusu, kidevu kimeshonwa, taya linamuuma akitafuna. Hospitali (sitaitaja) walimshona kidevu bure palepale, lakini kuhusu jino wanasema kuzimia ni "hali ya mwili wa mgonjwa", wao hawahusiki.

Shemeji anataka mahakamani kesho asubuhi. Mama anasema tumshukuru Mungu yaishe. Mimi nauliza tu: kisheria mzigo huu ni wa aliyechoma sindano, ni wa hospitali, au ni bahati mbaya yake?

Mpita Njia

Poleni sana mkuu. Naweka kambi hapa.

Chuma cha Pua

Mtu mzima anazimia kwa sindano? Akisikia kizunguzungu si angekaa chini mwenyewe. Siku hizi kila kitu fidia.

Nesi Mstaafu

Chuma, wewe hujawahi kusimama chumba cha kutolea damu. Nimewaona wanaume wamejaa mlango mzima wakidondoka kabla sindano haijagusa ngozi.

Kuzimia kwa namna hii hakuna uhusiano na ushujaa. Mtu akiona damu, akisikia maumivu au akiingiwa na hofu, kuna neva inayotoka kwenye ubongo kushuka hadi moyoni na tumboni, inaitwa vegasi. Ikichokozwa kupita kiasi, mapigo ya moyo yanapungua, na papo hapo mishipa ya damu inalegea, damu inatuama miguuni. Presha inaporomoka, ubongo unakosa damu kwa sekunde chache, mtu anakwenda chini. Akishalala damu inarudi kichwani yenyewe, na kwa kawaida haipiti dakika moja anafungua macho anauliza niko wapi. Kuzimia kwenyewe mara nyingi hakuachi madhara. Kinachovunja meno na kupasua vichwa ni sakafu.

Dalili zake anayefanya kazi hiyo anazijua: mgonjwa anapauka midomo, jasho la baridi juu ya mdomo na kwenye paji, anapiga miayo, anasikia kichefuchefu, masikio yanavuma, macho yanaanza kuona giza pembeni. Ukiziona unamlaza, miguu juu, yanaishia hapo. Ugumu ni kwamba wengine haziwatokei kabisa, au zinatokea wameshafika mlangoni. Ndiyo maana tulifundishwa kuuliza kabla: umewahi kuzimia ukichomwa sindano? Akisema ndiyo, anatolewa damu amelala. Na kiti cha kutolea damu kina mikono na kizuizi mbele ili mtu asidondoke. Mtu anayetolewa damu kwenye stuli, hapo hata mimi nina maswali.

Kwenye chanjo, mwongozo unaofuatwa sehemu nyingi ni kumkalisha aliyechanjwa kama dakika 15, hasa vijana wa umri wa kubalehe, maana hao ndio wanaozimia zaidi. Kwa wachangia damu ni hivyohivyo, mtu hapewi ruhusa ya kuondoka mpaka apumzike na anywe kitu, na anayechangia mara ya kwanza au mwenye uzito mdogo anaangaliwa zaidi. Hili jambo linajulikana siku nyingi. Asije mtu hapa akasema hospitali ilishtukizwa.

Wakili Msomi

Nesi amenirahisishia kazi. Mkuu Kaka Mkubwa, hapa si ofisini, kwa hiyo chukua haya kama maelezo ya jumla, halafu umwone wakili akiwa na karatasi zako mkononi.

Kwanza ondoeni wazo kwamba mnadai kwa sababu amezimia. Ukienda mahakamani na hoja hiyo utarudi mikono mitupu. Kuzimia kunaweza kumpata mtu hata kama kila kitu kimefanywa sawasawa, na sheria haimlipishi mtu kwa sababu tu jambo baya limetokea. Mnachodai ni kwamba hospitali ilijua, au ilipaswa kujua, kwamba mtu aliyetoka kuchomwa sindano anaweza kuzimia, na haikuchukua tahadhari ambayo mtaalamu wa kawaida angeichukua. Kesi ni ya anguko.

Kipimo cha tahadhari hiyo katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza kilianzia kwenye kesi ya Bolam ya mwaka 1957: je, alichofanya mtaalamu huyu kingekubalika na kundi la wataalamu wenzake wanaoaminika? Baadaye kesi ya Bolitho, Uingereza hukohuko miaka ya 1990, ikaongeza kwamba haitoshi wenzako kukutetea, utetezi wao lazima uwe na mantiki. Kwa hiyo wakisema "sisi sote huwa tunawaambia wagonjwa waende dirishani mara moja", hakimu ana haki ya kuuliza kwa nini.

Halafu kuna mlima wa pili, na watu wengi huangukia hapo. Ni lazima uonyeshe kwamba tahadhari ile ingezuia jeraha hili. Someni kesi ya Barnett, ya Uingereza miaka ya 1960. Walinzi wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali, daktari akaagiza kwa simu warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa, kumbe chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ikasema ndiyo, hospitali ilizembea kwa kutomwona, lakini hata angeonwa angekufa tu, dawa isingewahi. Mjane hakupata kitu. Kwa dada yako swali litakuwa hili: angekalishwa dakika 10 au 15, angeanguka? Kama alianguka dakika 2 baada ya sindano, mna hoja nzito, kwa sababu angekuwa bado kitini. Kama ni saa nzima baadaye akiwa kituo cha basi, hoja inalegea sana.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Muda gani ulipita? Na je, aliwaambia chochote kabla hajainuka?

Kaka Mkubwa

Asante wakili. Nimempigia nikamuuliza. Anasema alimwambia yule kijana wa maabara, "naona kama giza." Akajibiwa, "ni njaa tu hiyo, ukishalipia kale." Muda hakumbuki, ila haukuwa mrefu, pamba alikuwa bado ameibana na kidole.

Nesi Mstaafu

Lahaula. Mtu anakwambia anaona giza unamsimamisha?

Wakili Msomi

Mkuu, hilo ndilo ungeanza nalo kwenye uzi wako! Linabadilisha kila kitu. Mgonjwa aliyezimia bila dalili yoyote ni kesi ngumu. Mgonjwa aliyetaja dalili akaambiwa ainuke atembee ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu hapo hatubishani tena kama hatari ilitabirika. Alitabiri yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Na hoja ya njaa inawarudia wao. Mara nyingi upande wa pili husema mgonjwa naye alichangia, ili fidia ikatwe kwa asilimia fulani. Kwa mfano mtu aliambiwa akae akakaidi, au aliulizwa kama huwa anazimia akaficha. Huyu alifunga kwa maagizo yao. Huwezi kumfungisha mtu kisha ukamlaumu kwa njaa.

Sasa kuhusu muda, msitegemee kumbukumbu. Kichupa cha damu hubandikwa karatasi yenye jina, namba na mara nyingi saa ya kuchukua damu, na maabara zenye kompyuta huiweka saa hiyo kwenye mfumo. Upande wa pili, faili la huduma ya dharura au la kushona kidevu lina saa ya kumpokea. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo kesi yenu. Ombeni nakala ya faili lote kwa maandishi leo, pamoja na taarifa ya tukio kama iliandikwa. Na kama korido ina kamera, andikeni barua kutaka picha za siku ile zihifadhiwe, kwa sababu mifumo mingi hufuta yenyewe picha za zamani ili kupata nafasi. Mkisubiri, hakuna atakayekuwa amezificha, zitakuwa tu hazipo.

Kijana wa Maabara

Naomba nami nisikike kabla hamjamsulubisha mwenzangu. Nafanya kazi hiyo. Asubuhi foleni inafika nje, chumba ni kimoja, kiti ni kimoja, na anayefuata anagonga mlango. Hiyo ya kumkalisha mtu dakika 15 nimkalishe wapi? Benchi la nje limejaa wanaosubiri. Tunaomba viti vya kupumzikia kila kikao, jibu ni bajeti. Halafu mtu akianguka anatafutwa aliyeshika sindano. Kumwambia mtu ni njaa tu, hilo silitetei. Lakini mjue kosa limeanzia wapi.

Wakili Msomi

Kijana, hoja yako ni nzito, na kisheria haikuumizi, inawaumiza wakubwa zako. Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mwajiriwa wake akiwa kazini. Tangu kesi ya Cassidy ya mwaka 1951 hospitali za Uingereza haziwezi kujificha nyuma ya hoja kwamba "daktari ni mtaalamu, anajitegemea", na nchi nyingi zimefuata njia hiyo. Kwa hiyo kwa kawaida anayeandikiwa barua ya madai ni taasisi, na anayelipa ni taasisi au bima yake. Na hiyo ya kukosa kiti cha kupumzikia ni kosa la taasisi yenyewe hata kama mtoa damu angekuwa malaika. Foleni si utetezi wa maana, unaweza kueleza kwa nini mtu alikosea, lakini haumrudishii mwenzako jino. Ushauri wangu kwako: hizo barua za kuomba viti, zitunze nakala.

Tahadhari moja: kama maabara ni ya mtu mwingine aliyekodi chumba ndani ya hospitali, mwajiri ni huyo, na huenda mkalazimika kuwadai wote wawili.

Chuma cha Pua

Lakini si alisaini fomu ya ridhaa? Fomu zile zinasema hospitali haitawajibika kwa lolote.

Wakili Msomi

Swali zuri kwa mara ya kwanza, Chuma. Kusaini ridhaa ni kukubali kufanyiwa jambo na hatari zake za kawaida. Michubuko mahali pa sindano, sawa. Kuzembewa si hatari ya kawaida, hakuna anayekubali hilo kwa kusaini. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 juu ya masharti kandamizi ya mikataba, ambayo kwa walaji sharti lake hilo limehamia kwenye sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, huwezi kabisa kwa karatasi kujivua wajibu wa kifo au jeraha lililotokana na uzembe wako. California nako, katika kesi ya Tunkl ya mwaka 1963, mahakama ilikataa fomu ya hospitali iliyomtaka mgonjwa aachie haki ya kudai kabla ya kulazwa, kwa sababu mgonjwa anayeumwa hana nafasi ya kujadiliana. Kwa kutolewa damu, isitoshe, mara nyingi hata fomu yenyewe haipo, unanyoosha mkono basi.

Bi Mkubwa

Mimi mifupa yangu ni laini, daktari ameshaniambia. Nikianguka mahali ambapo mwingine angechubuka goti, mimi navunjika nyonga. Watasema ni mifupa yangu?

Wakili Msomi

Shikamoo Bi Mkubwa. Watasema, na hawatafika mbali. Kanuni ni kwamba aliyekuumiza anakuchukua ulivyo. Mwaka 1962 katika kesi ya Smith dhidi ya Leech Brain, mfanyakazi aliungua mdomo kwa tone la chuma kilichoyeyuka kazini. Kumbe mahali pale palikuwa na dalili za awali za saratani, kuungua kukaiamsha, akafa. Mwajiri alilipa kifo, si kidonda cha mdomo tu. Ila uzembe lazima uthibitishwe kwanza, ndipo udhaifu wa mwili unakuwa mzigo wao. Na ukienda kupima, wewe waambie kabisa kuhusu mifupa hiyo, ukitaja waandike.

Mwana Ughaibuni

Kuna nchi mabishano yote haya hayapo. New Zealand tangu mwaka 1974 wana mfuko wa ajali wa taifa. Ukianguka ukaumia, uwe ulizembewa au hukuzembewa, mfuko unagharamia matibabu na sehemu ya mshahara, na kwa upande mwingine huruhusiwi kwenda mahakamani kudai fidia ya jeraha hilo. Marekani nako kwa upande wa chanjo tu kuna mpango wa fidia usiotaka uthibitishe uzembe, na tangu mwaka 2017 kuzimia ndani ya saa moja baada ya chanjo kumeingizwa kwenye orodha yake. Lakini kuna sharti: madhara yawe yameendelea zaidi ya miezi 6, au yawe yamekufanya ulazwe hospitalini na kufanyiwa upasuaji, au kifo. Jino nusu sidhani kama lingepita.

Mpita Njia

Nina swali la pembeni wakuu. Mtu ametoka kuchomwa dawa ya usingizi mwepesi, anaendesha gari mwenyewe, anazimia njiani anamgonga mwenzie. Aliyegongwa anamdai nani?

Wakili Msomi

La pembeni kweli, ila nalipenda. Dereva aliyepoteza fahamu ghafla bila kujua kwamba ana tatizo huweza kutoka bila hatia. Katika kesi ya Mansfield, Uingereza miaka ya 1990, dereva wa lori sukari ilimshuka kwa ugonjwa ambao hakujua anao, lori likaingia dukani, mahakama ikasema hakuzembea. Lakini kama aliambiwa asiendeshe akaendesha, ni mzigo wake.

Kama hakuambiwa, mnarudi kwa aliyemchoma. Mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, katika kesi ya Davis dhidi ya South Nassau Communities Hospital, iliamua kwamba hospitali iliyompa mgonjwa dawa za kulewesha kwa mshipa ilikuwa na wajibu wa kumwonya asiendeshe, na wajibu huo unamgusa pia yule aliyegongwa barabarani, ingawa hakuwahi kuwa mgonjwa wao. Si kila nchi imefika huko. Ndiyo maana hospitali makini haimwachii mtu aliyepewa dawa za usingizi aondoke bila msindikizaji, na humkataza usukani kwa saa 24.

Kaka Mkubwa

Wakuu nimerudi. Jana jioni hospitali wamepiga simu. Wako tayari kulirekebisha jino bure kwa daktari wao, ila tusaini karatasi kwamba "tumemaliza madai yote yaliyopo na yatakayotokea, bila hospitali kukiri kosa." Shemeji amekataa, mama ameshashika kalamu.

Daktari wa Meno

Mwambie mama aiweke chini kalamu kwanza. Jino lililopigwa kwa nguvu linaweza kuonekana zima baada ya kujazwa, halafu miezi baadaye, wakati mwingine mwaka na zaidi, mshipa wa ndani unakufa, jino linageuka rangi ya kijivu au linatunga usaha. Hapo ni kusafisha mzizi na kuweka taji, na likishindikana ni kung'oa na kuweka la bandia. Halafu mmesema taya linauma akitafuna na ameangukia kidevu. Anguko la kidevu huweza kuvunja taya karibu na sikio, mbali kabisa na palipopigwa. Amepigwa picha ya taya?

Kaka Mkubwa

Hajapigwa. Walishona tu.

Daktari wa Meno

Apigwe kabla ya karatasi yoyote, na kwa daktari asiye wa hospitali hiyo. Kwa sasa ale vitu laini.

Wakili Msomi

Naunga mkono. "Bila kukiri kosa" ni maneno ya kawaida, yasiwakasirishe, hata shemeji mwambie. Sumu iko kwenye "yatakayotokea". Wajibuni kwa heshima, kwa maandishi: mnapokea matibabu ya jino na mnashukuru, ila suala la fidia linabaki wazi mpaka uchunguzi wa taya na uangalizi wa jino ukamilike. Wakikataa kutibu bila saini, atibiwe kwingine mtunze risiti zote, pamoja na nauli na siku alizokosa kazini.

Muda mnao, lakini si wa milele. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo huu madai ya majeraha yana ukomo wa miaka 3, na kwingine ni mfupi zaidi. Kama hospitali ni ya serikali, mara nyingi kuna notisi ya kutoa kabla ya kufungua shauri, ikikosekana kesi inatupwa hata iwe nzuri kiasi gani. Hilo ndilo la kumuuliza wakili wenu siku ya kwanza. Na mengi ya haya huishia kwenye barua mbili tatu na hundi ya bima, bila kuiona mahakama.

Bi Mkubwa

Wakili, kabla hujaondoka. Mimi ndiye humpeleka mjukuu kuchomwa sindano na wananiambia nimshike. Mimi mwenyewe damu siiwezi. Nikianguka mimi je, si mgonjwa wao?

Wakili Msomi

Bi Mkubwa, hilo limeshafika mahakamani. Illinois, Marekani, kesi ya mwaka 1990, mama mmoja alizimia chumba cha dharura akiwa pembeni ya mwanawe anayetibiwa, akaumia. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilitenganisha mambo mawili. Ukiwa mtazamaji tu, hospitali haina wajibu wa kukulinda usizimie kwa ulichochagua kukitazama. Wakikualika ushiriki kwenye matibabu, shika mkono, bana mguu, hapo wajibu unaanza. Kesi inaitwa O'Hara dhidi ya Holy Cross Hospital. Wewe unashikishwa mtoto, kwa hiyo uko upande wa pili wa mstari.

Nesi Mstaafu

Na ukiwaambia mapema kwamba damu huiwezi, Bi Mkubwa, wanatafuta nesi mwingine amshike, wewe unakaa nje. Mimi nilikuwa nawatoa wababa wengi tu.